Utangulizi wa Elimu Linganishi kwa Maswali ya Wazazi wa Gilgil

Taaluma unayoingia inaitwa elimu linganishi, na wengi huingizwa humo kwa mlango wa mbali: jedwali la alama za Finland na Singapore, ripoti nene ya Benki ya Dunia, ramani iliyopakwa rangi. Mimi nitakuingiza kwa mlango wa Gilgil, mji ulio kwenye barabara kuu kati ya Naivasha na Nakuru, na kwa jambo moja tu: shule ya kibinafsi inawaita wazazi na kuwaarifu kwamba kuanzia mwaka ujao itaacha mtaala wa taifa na kufuata wa Cambridge. Jambo lenyewe si geni. Tangu mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, uanze kutekelezwa nchi nzima Januari 2019, shule nyingi za kibinafsi nchini Kenya ama zimegeuza mtaala ama zimefungua mkondo wa kimataifa kando ya ule wa taifa. Nairobi habari hiyo imezoeleka. Katika miji ya ukubwa wa Gilgil bado inawakosesha wazazi usingizi.

Nitakalokuonyesha ni hili: mzazi anayehoji mtaala haogopi kitu kigeni. Anauliza ni nani aliyekata shauri mtoto wake afike wapi, na mambo yakiharibika atarudi kwa njia gani. Wasomi wa fani hii wametumia zaidi ya karne moja kulifikia swali hilo, na wakati mwingine wamelipita bila kuliona. Mzazi hulifikia kabla chai ya mkutano haijapoa.

Barua ya mwito huwa fupi. Ukurasa wa kwanza una maneno matamu: raia wa dunia, fikra tunduizi, vyuo vikuu vya ng'ambo. Ukurasa wa pili, uliobanwa kwa pini, una karo. Mzazi mzoefu huanza na ukurasa wa pili. Anapitisha kidole: karo ya muhula, amana ya vitabu, ada ya mitihani, sare mpya yenye nembo mpya. Kisha huigeuza karatasi kuona kama kuna maandishi madogo nyuma. Siku ya mkutano viti vya plastiki vimepangwa kwenye ukumbi wa chakula, projekta inasumbua, na mwalimu mkuu anaeleza kwa upole wote kwamba dunia imebadilika. Wazazi huvumilia slaidi hadi ziishe. Halafu mkono wa kwanza unainuka, na mara nyingi huwa wa mtu aliyekaa nyuma kabisa.

"Mwalimu, huyu mtoto akirudi shule ya serikali, ataingia gredi gani?"

Swali hilo lina uzito wake Gilgil kwa sababu ya watu wanaoishi hapo. Mji una kambi za jeshi, una chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, una kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo. Kuna mashamba ya maua, machimbo ya dayatomaiti kule Kariandusi, wafugaji, wafanyabiashara, na wachoma nyama wa Kikopey ambao kila msafiri wa Nakuru anawajua. Mtu wa sare huishi na begi lake karibu. Barua ya uhamisho haingoji muhula uishe. Leo yuko Gilgil, mwezi ujao Garissa, mwaka kesho Lodwar, na mtoto anafuata. Mtaala wa taifa, pamoja na kasoro zake zote, utamkuta kila anakokwenda. Wa Cambridge husafiri vyema zaidi kati ya Nairobi na Dubai kuliko kati ya Gilgil na Wajir.

Hapa tunapata somo la kwanza la elimu linganishi. Baadhi ya mitaala ya kimataifa ilibuniwa kwa watu wanaohamahama, ila si wahamaji wa aina hii. Shahada ya kimataifa ya sekondari inayojulikana kwa herufi IB iliundwa Geneva mwaka 1968, na walengwa wa mwanzo walikuwa watoto wa wanadiplomasia na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa: leo Geneva, kesho New York, na kote huko shule ya aina moja ikiwasubiri. Sajini aliyehamishwa kutoka Gilgil hana shule hiyo inayomsubiri. Kwa hiyo ukisoma katika maandishi yetu kwamba mtaala fulani "unahamishika", uliza kwanza: kwa nani, na kutoka wapi hadi wapi?

Kuna pia hesabu za madarasa, ambazo hukera kuliko inavyostahili. Mfumo wa Kiingereza huanza Mwaka wa 1 mtoto akiwa na umri wa miaka mitano, kwa hiyo mtoto wetu wa Gredi ya 5 huambiwa kwamba sasa yuko Mwaka wa 6. Baba mmoja hufurahi akidhani mwanawe amerushwa darasa. Mama mwingine huogopa kwa sababu hiyo hiyo. Na kalenda: mwaka wetu huanza Januari, wa shule nyingi za kimataifa huanza Septemba, na miezi iliyo kati ya hapo lazima itiwe mahali fulani. Ama mtoto arudie, ama aharakishwe. Shule ikikwambia kwamba hakuna kitakachobadilika, uliza kuhusu miezi hiyo.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu Gilgil ina historia ambayo mikutano hii huisahau. Mtaala wa kigeni una umri mkubwa hapo kuliko mtaala wa taifa. Shule ya Pembroke House ilianzishwa Gilgil mwaka 1927 kuwaandaa watoto wa walowezi kwa ajili ya shule za sekondari za Uingereza. St Andrew's ya Turi, juu huko karibu na Molo, ilianza mwaka 1931. Zote mbili zipo hadi leo na bado zinafundisha kwa mtaala wa Uingereza, ingawa darasani sasa wamo watoto wa Kenya wa kila asili. Kwa maana hiyo, mtu akisema kwamba mtaala wa kimataifa "umeingia" Gilgil miaka hii, tumrekebishe taratibu. Ulikuwapo kabla ya bendera. Kilichobadilika ni nani anayealikwa kuununua.

Nje ya ua wa shule hizo waliishi watoto wengine. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota kwenye mashamba ya walowezi wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili wapate kuishi na kulima kipande cha ardhi hapo. Shule ya watoto wao ilitegemea hisani ya mwenye shamba. Tabitha Kanogo, mwanahistoria aliyeandika juu ya maskwota wa Bonde la Ufa katika kitabu kilichotoka mwaka 1987, anatuonyesha watu ambao kwao elimu ilikuwa jambo la kupigania pamoja na malisho na ujira. Usisome kitabu hicho kama historia ya ardhi peke yake.

Maskwota na ndugu zao wa Mkoa wa Kati walitaka watoto wasome nini? Hapa ndipo taaluma yetu inapopendeza. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Ushauri wao ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ioanishwe na mazingira yake: kilimo, ufundi, afya, lugha ya nyumbani, kwa mfano wa vyuo vya Hampton na Tuskegee vilivyofundisha watu weusi wa kusini mwa Marekani. Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Ukiusoma leo bila kujua tarehe, baadhi ya kurasa zake zinaweza kukufanya udhani ni waraka wa CBC.

Wazazi waliukataa. Waliona kwamba elimu iliyooanishwa na mazingira ingembakiza mtoto katika mazingira yale yale, akiwa na jembe zuri zaidi. Walitaka Kiingereza, na walikitaka mapema. Walitaka mtihani ule ule uliofanywa na mtoto wa mlowezi. Baada ya mgogoro na misheni wa mwaka 1929, vyama viwili vya Wakikuyu, KISA na Karing'a, vilijenga shule zao wenyewe, na shule hizo zilienea pia Bonde la Ufa walikokuwa maskwota. Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu cha Githunguri. Koinange mwenyewe alikuwa amepitia Hampton, kile kile chuo cha mfano, kisha Ohio Wesleyan na Columbia. Aliyesomeshwa katika kiwanda cha elimu ya kuoanishwa alirudi kuwajengea watu wake kitu kingine. Serikali ilizifunga shule hizo mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Kati ya hapo, mwaka 1949, ripoti ya Beecher ilikuwa imependekeza mchujo wa mtihani baada ya miaka minne tu ya shule, na ikapokewa kwa hasira na wazazi wale wale.

Mwaka 1965 Philip Foster, aliyefanya utafiti wake Ghana, aliliandikia jambo hili hoja ambayo bado inasomwa. Alisema kwamba vijana wanaokimbia shule za ufundi hawana kasoro ya tabia wala dharau ya kazi ya mikono. Wanasoma soko la ajira kwa usahihi kuliko wapangaji. Miaka miwili baadaye Mwalimu Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea, kwa nia iliyokuwa kinyume kabisa na ya mkoloni, na bado wazazi wengi wa Tanzania waliendelea kuhesabu ni wangapi wanaochaguliwa kwenda sekondari. Nia njema ya mpangaji haibadilishi hesabu ya mzazi.

Kwa hiyo angalia kilichotokea Gilgil. Mababu walidai mtaala wa kigeni wakanyimwa. Wajukuu wanaletewa mtaala wa kigeni mezani, pamoja na orodha ya karo, na wanasita. Ukiwa mwepesi wa kuhukumu utasema wazazi hawajui wanachotaka. Mimi naona msimamo mmoja tu. Babu alikataa elimu iliyoamuliwa na mtu mwingine kwamba inamtosha. Mjukuu anakataa kuamuliwa ghafla, katikati ya safari, na watu ambao hawatakuwapo mtoto atakapomaliza. Mwenye shule anaweza kuiuza shule. Mzazi hawezi kumuuza mtoto anunue mwingine.

Hilo linatuleta kwenye cheti. Ronald Dore, mwanasosiolojia Mwingereza, alichapisha mwaka 1976 kitabu kuhusu kile alichokiita ugonjwa wa vyeti, akizilinganisha Uingereza, Japani, Sri Lanka na Kenya. Hoja yake ni kwamba nchi inayochelewa kuanza maendeleo ya kisasa hutegemea zaidi vyeti katika kugawa kazi chache zilizopo, vyeti hupanda bei upesi, na shule huishia kuwa njia ya kuelekea mtihani. Kisome kitabu hicho mapema. Kimezeeka katika mambo kadhaa, lakini sura ya Kenya bado inauma.

Kenya yenyewe imebadilisha njia ya vyeti mara kadhaa, na kila mara mzazi ndiye aliyelipia kivuko. Kabla ya uhuru, na kwa miaka kadhaa baada yake, vijana wa sekondari walifanya mitihani ya Cambridge. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, na Kenya ikapata baraza lake, KNEC, mwaka 1980. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay, Mkanada aliyeitwa kushauri kuhusu chuo kikuu cha pili, ikapendekeza mfumo wa 8-4-4, nao ukaanza Januari 1985. Wazazi waliambiwa wajenge karakana na vyumba vya sayansi kimu, na harambee zikapigwa kila kijiji. Waliokuwa na watoto wakati huo ndio bibi na mababu wanaowalea wajukuu leo, na wanalikumbuka tangazo lile vizuri sana. Mtoto wao akileta habari za mtaala mpya, huuliza tu: karakana safari hii ni ya nini?

Kuna jambo dogo la 8-4-4 ambalo watafiti hulipita haraka. Mfumo ule ulifuta vidato vya tano na sita, na kiwango cha A kikaisha katika shule za serikali mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini hakikutoka Kenya. Kilibaki katika shule za kulipia, karibu wakati ule ule ambapo Cambridge ilianza mtihani wake mpya wa IGCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Njia iliyokuwa ya kila mtoto aliyefaulu ikawa njia ya mwenye pesa. Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo.

Na CBC? Ilifanyiwa majaribio mwaka 2017, ikaingia madarasani 2019. Wazazi walijikuta wakichapisha picha za rangi kwenye saiba usiku, wakitafuta vifuniko vya chupa, manila na gundi kwa ajili ya kazi ambayo mtoto ameikumbuka saa tatu usiku. Mwaka 2021 kesi ya kuipinga ikafikishwa Mahakama Kuu. Mwaka 2022 serikali iliunda jopo chini ya Profesa Raphael Munavu kutazama upya elimu yote. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, Gredi ya 7 ikabaki katika shule za msingi, na kundi la kwanza linatarajiwa kumaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Fikiria sasa hesabu ya mzazi wa Gilgil anayeombwa achague. Upande mmoja kuna cheti cha Kenya ambacho hakuna mwajiri aliyewahi kukishika mkononi. Upande wa pili kuna cheti cha Cambridge ambacho ni ghali lakini kina historia. Wazazi wengi wanaokwenda upande wa pili hawaendi kutafuta ughaibuni. Wanatafuta kitu ambacho hakitabadilishwa tena kabla mtoto hajamaliza. Ni kinaya kwamba kigeni ndicho kimekuwa cha kutegemewa, na cha nyumbani kimekuwa cha majaribio.

Hata hivyo cheti hicho kina milango yake migumu. Nafasi za vyuo vikuu zinazogawanywa na KUCCPS zimekuwa zikigawanywa kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwenye cheti cha nje kwa kawaida huomba chuo moja kwa moja, na vyeti vyake huhitaji kulinganishwa kwanza na vya Kenya. Baba askari anayeuliza kama jeshi litakijua cheti hicho haulizi mzaha. Katika mji wa kambi, kuandikishwa ni mojawapo ya kazi zilizo karibu na macho ya mtoto. Mwalimu mkuu mwenye busara huja mkutanoni na jibu la swali hilo limeandikwa. Asiye na jibu husema "tutalifuatilia", na ukumbi mzima hujua maana yake.

Nitapita haraka juu ya walimu, ingawa mzazi hapiti haraka. "Walimu ni walewale?" huulizwa kila mara, na jibu huwa ndiyo, ila watapewa mafunzo. Larry Cuban, Mmarekani aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanahistoria wa elimu, alifuatilia ufundishaji wa madarasa ya Marekani kuanzia 1890 hadi 1980 na akakuta kwamba sera hubadilika upesi huku namna ya kufundisha ikibadilika kidogo sana. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele na kuandika ubaoni ataandika ubaoni maneno ya Cambridge. Sioni aibu katika hilo. Aibu ni kutoza karo mpya kwa ubao ule ule.

Kiswahili kinahitaji kukaa nacho kidogo. Chini ya 8-4-4 kilikuwa somo la lazima lenye mtihani, na mtaala wa umilisi umekishikilia. Kwenye mitihani ya kimataifa kipo pia, kuna karatasi ya Kiswahili katika ngazi ya IGCSE, lakini ni shule inayoamua kama itaifundisha, na shule hupanga masomo kwa kuangalia walimu ilionao na wateja inaowataka. Ndipo Kiswahili hujikuta Ijumaa alasiri, kikishindana na kuogelea. Nimesikia wazazi wakisema kwamba mtoto atakijua tu, si anakisikia kwa matatu? Watoto wa Gilgil hukisikia, kweli, pamoja na Kikuyu, Kimaasai, Kikalenjin na Sheng. Kukisikia barabarani hakumwezeshi mtu kuandika insha, barua ya kazi au hoja ya kisheria. Katika hili sina usawa wa mtafiti: shule inayotoza karo kubwa na kushindwa kumwajiri mwalimu mmoja mzuri wa Kiswahili imeshaonyesha inawafikiriaje wazazi wake.

Lakini tusiitwishe Cambridge mzigo usio wake. Kutoka Gilgil hadi Kariandusi ni mwendo mfupi wa gari. Hapo Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe ya mkono katika miaka ya mwisho ya 1920, na mengi bado yamelala pale yalipoachwa na wenyewe, mengine ya mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika. Mbele kidogo kuna Ziwa Elementaita, ambalo tangu mwaka 2011 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Nakuru na Bogoria. Hakuna mtaala unaomzuia mwalimu kuwapeleka watoto huko. Bonde la Ufa limo katika vitabu vya jiografia vya dunia nzima. Mtoto wa Gilgil anaweza kusoma katika kitabu kilichochapishwa ng'ambo juu ya ufa anaouona akiwa dirishani. Kinachoamua ni mtihani. Kisipoulizwa, hakifundishwi, na hilo ni kweli kwa KNEC kama ilivyo kweli kwa Cambridge.

Mtu wa kale wa taaluma yetu aliyesema jambo la karibu na hili ni Michael Sadler, katika mhadhara alioutoa Guildford, Uingereza, mwaka 1900. Alikuwa akiwaonya wenzake waliotamani kuchukua vipande vya elimu ya Ujerumani. Alisisitiza kwamba yaliyo nje ya shule yana nguvu kuliko yaliyo ndani yake, na kwamba ndiyo yanayoyatawala na kuyafasiri yale ya ndani. Wanafunzi wangu hupenda kumtumia Sadler dhidi ya shule za kimataifa. Ninawakumbusha kwamba umilisi nao haukuota Kenya. Mizizi yake iko katika mafunzo ya walimu na ya ufundi ya Marekani ya miaka ya 1960, na umezunguka dunia kabla ya kufika kwetu. Mzazi wa Gilgil anachagua kati ya mitaala miwili iliyoagizwa nje. Tofauti ni kwamba mmoja umeagizwa na serikali kwa niaba ya wote, na mwingine umeagizwa na mwenye shule kwa niaba ya wanaolipa.

Na mzazi asiyeridhika afanye nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweka chama cha wazazi katika shule za umma. Katika shule ya kibinafsi nguvu ya mzazi iko zaidi katika mkataba wa kuandikishwa, ambao wengi walitia saini bila kuusoma, na katika uwezo wa kuondoka. Albert Hirschman, mwanauchumi, aliandika mwaka 1970 kitabu kidogo kuhusu njia hizo mbili, kuondoka na kupaza sauti. Wazo lilimjia Nigeria, alipojiuliza kwa nini reli ilizidi kuwa mbovu ilhali malori yalikuwa yakiinyang'anya mizigo. Jibu lake: wateja waliojali ubora ndio waliotangulia kuhamia malori, wakabaki wasio na la kusema, na reli ikakosa mtu wa kuipigia kelele. Gilgil reli na barabara kuu zinapita mji mmoja, kwa hiyo hutahitaji kwenda Nigeria kulielewa. Mzazi mwenye uwezo aliyechoshwa na CBC anaondoka shule ya umma bila neno. Miaka michache baadaye shule aliyoihamia inabadilika bila kumuuliza, na safari hii hana pa kuondokea kwa sababu hata sauti aliiacha kule.

Ukitaka kuanza kazi, usianzie kwenye shule iliyobadilisha mtaala. Huko utapewa brosha. Pata kibali chako cha utafiti cha NACOSTI, kisha nenda shule ya umma iliyo jirani nayo na uombe kuonana na naibu wa mwalimu mkuu, maana mara nyingi yeye ndiye anayelijua daftari la usajili. Muulize ni watoto wangapi wameingia katikati ya mwaka kutoka shule za kimataifa, waliwekwa gredi gani, nani aliyeamua, na walisomaje Kiswahili wiki ya kwanza. Muulize pia juu ya waliotoka kuelekea upande ule. Nakili tarehe tu, majina yaache. Halafu tafuta mzazi mmoja aliyehifadhi barua zake zote za karo, uziweke tarehe hizo kando ya hizo barua, uone zinavyofuatana.